Mota ya Paa la Chumba cha Darubini: Ipi Ununue, Ipi Uache

Paa la kuteleza lililotengenezwa vizuri husukumwa kwa mkono bila taabu, na kwa anayetazama nyota akiwa amesimama hapohapo, mkono unatosha. Haja ya mota huja pale darubini inapoachwa ipige picha peke yake usiku kucha, mwenyewe amelala, na mawingu yanaanza kujikusanya saa tisa alfajiri. Wengi wakifika hapo hununua kitu cha kufungulia paa, ilhali shida yao ni kulifunga. Paa likigoma kufunguka umepoteza usiku mmoja. Likigoma kufunga mvua inanyesha, umepoteza darubini, kamera na kompyuta kwa pamoja. Kwa hiyo mota zote hapa chini nimezipanga kwa swali moja: itafunga umeme ukiwa umekatika, kompyuta imeganda na hakuna mtu karibu?

Kabla ya kutoa hela

Chukua mizani ya kuning'inizia mizigo, ifunge kwenye paa kwa kamba, kisha vuta taratibu. Soma kilo paa linapoanza kutoka, halafu soma tena likiwa kwenye mwendo. Rudia sehemu kadhaa za reli, kwenda na kurudi. Paa la kilo 300 juu ya magurudumu mazuri ya chuma halipaswi kuhitaji zaidi ya kilo 10 hadi 20 za kuvuta. Ukikuta 40, au ukikuta sehemu moja inataka 12 na nyingine 35, usinunue mota bado. Reli haiko sawa, au magurudumu yanabana, na mota kubwa itakuficha ugonjwa huo mpaka siku kitu kitakapokatika.

Sababu ya kawaida ya kubana ni magurudumu yenye mfereji kuwekwa pande zote mbili. Chuma hutanuka: reli ya mita 6 hurefuka kama milimita 2 joto likipanda kwa nyuzi 30, na fremu ya paa nayo hutanuka kwa upana. Weka magurudumu ya mfereji upande mmoja yaongoze njia, na upande wa pili weka magurudumu bapa yaliyo huru kusogea kidogo.

Jambo la pili ni upepo. Upepo wa mita 20 kwa sekunde hubeba shinikizo la takriban nyutoni 240 kwa kila mita ya mraba. Kwa paa la mita 3 kwa 3 hiyo inaweza kufika nyutoni 2,000 na ushei, yaani karibu kilo 220 za kuliinua. Hakuna mota ya kushika hilo. Tengeneza makucha ya chuma yanayopita chini ya reli ili paa lisiweze kunyanyuka likiwa sehemu yoyote ya safari yake, na ufunge vizuizi vya chuma kwa bolti kwenye ncha zote mbili. Ukishamaliza hayo, sasa tuongee mota.

Nafasi ya kwanza: mota ya geti la kuteleza, ya volti 24

Hii ndiyo ningemwambia karibu kila mtu anunue. Paa la kuteleza ni geti lililolazwa, na mota hizi zimetengenezwa kusukuma kitu kizito chenye magurudumu juu ya reli, nje, kwenye jua na mvua, miaka na miaka. Zile za volti 24 zinazotumia umeme wa DC, yaani wa aina ya betri, zina faida mbili kubwa. Huanza na kumaliza mwendo polepole, kwa hiyo hazilitikisi jengo. Na nyingi zina nafasi ya betri ndani, mara nyingi mbili za volti 12, hivyo umeme ukikatika paa bado linafunga. Mota za geti zinazotumia umeme wa ukutani peke yake ni imara vilevile, lakini kwa kazi yetu zimekosa jambo la msingi.

Uzito ulioandikwa kwenye boksi ni uzito wa geti linalobingirika. Chagua mota iliyoandikiwa angalau mara mbili ya uzito wa paa lako. Mwendo wa kawaida ni kama mita 10 kwa dakika, kwa hiyo paa la mita 3 litafunga ndani ya sekunde 20 hivi, na hiyo inatosha kabisa.

Mota hukaa kwenye kibao cha chuma ukutani, na reli ya meno hufungwa kwenye paa. Acha upenyo wa milimita 1 hadi 2 kati ya gia na meno, na uupime safari nzima. Paa likikalia gia, shafti ya mota ndiyo inabeba uzito, na haitadumu. Reli za meno huja kwa vipande vya mita moja. Unapounganisha viwili, chukua kipande cha tatu, kigeuze meno yake yaingie kwenye meno ya hivyo viwili pale kwenye kiungo, ukibane kwa jiliwa, ndipo ukaze skrubu. Usipofanya hivyo, nafasi kati ya meno hukosea kidogo kwenye kiungo, na kila usiku utasikia mgongano hapohapo. Pia usiigeuze mota kichwa chini kabla ya kusoma maelezo yake: baadhi zina gia zinazozama kwenye oili, na oili hiyo itavuja.

Sasa tabia za geti zinazoweza kukuangamiza. Bodi nyingi, yaani saketi zinazoongoza mota, zina kipengele cha kulifunga geti zenyewe baada ya muda fulani. Kwa geti ni ulinzi. Kwetu ni paa linalojisukuma kwenye darubini iliyosimama wima. Kizime siku ya kwanza. Cha pili, geti likigonga kitu, au mwale wa macho ya usalama ukikatika, bodi husimamisha na kurudisha geti wazi. Fikiria maana yake usiku wa mvua: buibui ametanda utando mbele ya jicho, paa linajaribu kufunga, linafunguka, linajaribu tena. Kwenye paa, macho hayo yaunganishwe kwenye pembejeo (sehemu ya bodi inayopokea waya wa amri) ya kusimamisha, si ile ya kurudisha nyuma. Cha tatu, umeme ukirudi, baadhi ya bodi husogeza geti taratibu zenyewe kutafuta mwisho wa reli. Jaribu hilo ukiwa umesimama pale, darubini ikiwa imeondolewa.

Na ukiwa dukani uliza swali hili kabla ya yote: bodi ina pembejeo mbili tofauti, ya KUFUNGUA na ya KUFUNGA? Mota za bei ya chini huwa na kitufe kimoja tu, bonyeza inafungua, bonyeza inasimama, bonyeza inafunga. Kompyuta inayotuma bonyezo moja haijui imeamuru nini. Hiyo pekee ni sababu ya kuiacha mota hata kama mengine yote ni mazuri.

Nafasi ya pili: mota ya gia na mnyororo, ya kujiundia

Kwa fundi mwenye mikono, hii inakaribia sana ya kwanza. Unachukua mota ya volti 12 au 24 yenye gia ya skrubu, unaweka sproketi (gurudumu la meno), na mnyororo uliofungwa ncha zote mbili za paa. Uzuri wa gia ya skrubu ni kwamba kwa kawaida haigeuzwi kutoka upande wa mzigo, kwa hiyo upepo hauwezi kulisogeza paa mota ikiwa imezimwa. Hakuna bodi ya geti yenye mawazo yake, unaamua kila kitu wewe. Hapohapo ndipo ugumu ulipo: kikomo cha nguvu, kuanza polepole, kinga dhidi ya mvua, vyote ni kazi yako. Na hakikisha kuna namna ya kuachia mnyororo kwa mkono. Mota za geti huwa na ufunguo wa kazi hiyo. Yako haitakuwa nao usipouweka.

Nafasi ya tatu: mota ya mlango wa gereji

Inavutia kwa sababu ni rahisi kupatikana na kila kitu kimo ndani ya boksi moja. Lakini mlango wa gereji husaidiwa na springi zinazobeba uzito wake, na mota hupewa nguvu ya nyutoni 600 hadi 1,000 tu huku ikiwa na wepesi wa kusimama ikihisi ukinzani. Paa jepesi la mabati kwenye chumba kidogo litakwenda vizuri. Paa la mbao likishaloa umande au kupigwa na upepo wa mbele litasimama katikati. Safari yake pia imefungwa na urefu wa reli yake, na nyingi hazina kitu zaidi ya kitufe kimoja. Taa yake ya ndani itoe kabisa, la sivyo kila mwendo wa paa utaimulika kamera.

Nafasi ya nne: winchi

Winchi ya gari ina nguvu za kutisha, na kwangu hilo ni kasoro. Haijui kuacha. Paa likikwama kwenye stendi ya darubini, winchi itaendelea kuvuta mpaka kimojawapo kivunjike. Kamba huvuta upande mmoja tu, hivyo unahitaji kitanzi kinachozunguka kapi au winchi mbili, na kamba hulegea, hujipanga vibaya kwenye ngoma, hukatika. Pia mota zake zimeundwa kwa kazi ya dakika chache kisha zipoe. Kama unayo tayari, itumie uwapo. Usilale ukiiachia paa.

Nafasi ya tano: mkono wa umeme wa kusukuma

Huu ni mchi unaorefuka na kufupika kwa mota. Ni mzuri sana kwa kazi nyingine: kulaza kipande cha ukuta kinachokunjwa ili darubini ione chini zaidi. Kwa paa, urefu wake ni mfupi na mwendo ni wa kinyonga. Kwa milimita 20 kwa sekunde, mita 2 zinachukua sekunde 100, na mvua ya kweli haihitaji nusu ya muda huo kulowesha kioo.

Vitu vidogo vinavyoamua kila kitu

Mota yoyote utakayochagua, nunua vitu hivi pamoja nayo, siyo mwaka unaofuata.

Swichi mbili za sumaku, zile zinazowekwa milangoni kwa kengele za wezi. Ni za bei ndogo, zimezibwa, haziingii vumbi. Moja inasema paa limefunga kabisa, nyingine limefunguka kabisa. Zote zikiwa kimya, paa liko katikati. Zote zikisema ndiyo kwa wakati mmoja, kuna waya umeharibika. Usitegemee swichi za mota yenyewe, kwa sababu hizo zinajua mota ilisimama wapi, hazijui paa liko wapi. Reli ya meno ikilegea, mota itaripoti kazi imekamilika huku paa limesimama.

Kihisio cha darubini iliyoegeshwa. Kama paa linapita juu ya darubini kwa kuambaa tu, amri ya kufunga ipitie kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoiruhusu pale tu kihisio kinapothibitisha kwamba darubini imelala mahali pake. Uthibitisho wa programu hautoshi, maana stendi ikipoteza hesabu yake itaapa imeegeshwa huku imeelekea angani. Kuna ubishi wa kweli hapa: mvua ikianza na darubini imekwama wima, paa lifunge au lisubiri? Jibu bora ni la fundi mwashi. Shusha nguzo ya darubini, au inua paa, mpaka lipite salama darubini ikiwa imeelekea popote. Anayejenga sasa hivi asikubali kupungukiwa na sentimita 30 za urefu.

Kihisio cha mvua chenye rilei yake, kilichounganishwa moja kwa moja na pembejeo ya KUFUNGA bila kupita kwenye kompyuta. Kihisio cha mawingu ni nyongeza: hupima joto la anga kwa miale ya infraredi, na anga safi huonekana baridi kuliko hewa ya chini kwa nyuzi nyingi kuliko anga yenye mawingu. Kinakupa onyo la mapema, lakini neno la mwisho ni la kihisio cha mvua.

Kwa upande wa kompyuta, Arduino (bodi ndogo unayoiandikia programu) na rilei mbili zinatosha. Ili programu za darubini ziongee na paa, kwenye Windows tumia mfumo wa ASCOM, kwenye Linux tumia INDI; yote miwili hulichukulia paa kama kuba lisilozunguka, lenye kifuniko cha kufungua na kufunga tu. Andika programu ya Arduino ihesabu muda: kama kompyuta haijatoa ishara yoyote kwa dakika kadhaa, paa lifungwe, kwa masharti yaleyale ya kihisio cha kuegesha. Rilei zitenganishwe na kompyuta kwa optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga badala ya waya, kwa sababu mota inapoanza hurusha kelele za umeme zinazoweza kukata mawasiliano ya USB ya kamera katikati ya picha.

Kufungua paa kwa simu ukiwa mbali acha kwanza. Fanya majaribio ya kufunga, mchana, ukichomoa umeme wa ukutani, kisha ukiizima kompyuta ghafla, kisha ukimwagia kihisio cha mvua maji kwa kikombe. Rudia kila baada ya miezi michache, na betri za mota zipime siku hiyohiyo. Za risasi hufa kimyakimya, na mota itaonekana nzima kabisa mpaka umeme ukatike.