Ebenezer ya Atlanta: nendeni mkamwone na Mzee King

Nyota nne kati ya tano.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa huku Georgia ambao wazazi wanapokuja kututembelea tunabaki kujiuliza tuwapeleke wapi, ukiacha madukani na nyumbani kwa ndugu. Mimi nilimpeleka Baba, mchungaji mstaafu wa Kibaptisti kutoka Mbeya, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Martin Luther King Jr. pale Auburn Avenue. Jina la hifadhi ni la mwana. Ushauri wangu ni kwamba mwingie mkimtafuta baba yake, maana huyo ndiye aliyelichunga Ebenezer, kanisa lililo ndani ya hifadhi hiyo, miaka 44.

Kwanza mambo ya mfukoni. Hakuna kiingilio popote. Maegesho nayo ni bure, na lango lake liko upande wa John Wesley Dobbs Avenue, nyuma ya kituo cha wageni. Kutoka hapo hadi kanisani mnavuka barabara moja tu, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu anafika bila shida.

Wageni wengi huanzia kwenye maonyesho, wakaenda kwenye kaburi jeupe la marumaru lililo katikati ya bwawa, wakapiga picha na kuondoka. Sisi tulianzia kanisani, na ndivyo ninavyowashauri. Ebenezer ya zamani ni jengo la matofali mekundu lililokamilika mwaka 1922. Limekarabatiwa ili lionekane kama lilivyokuwa miaka ya 1960. Unaingia, unakaa kwenye benchi, unasikia sauti ya Martin mwana ikihubiri kutoka kwenye vipaza sauti. Hakuna anayekuharakisha. Baba alivua kofia mlangoni, akaenda kukaa mbele kabisa, akaikagua mimbari jinsi fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake.

Mhifadhi aliyekuwa zamu alikuja kutusalimia. Nilimweleza kwamba mzee wangu ni mchungaji, basi akautoa muda wake wote kwetu. Nyota tatu kati ya zile nne ni zake. Baba aliuliza kwa Kiswahili nami nikatafsiri: "Mama, muulize, yule mzee aliitwaje hapa? Nani alimwita?"

Swali hilo linaweza kuulizwa na Mbaptisti tu. Kwetu hakuna askofu wa kumpangia mchungaji kituo wala kumhamisha. Kanisa la mahali ndilo linaloita, na ndilo linaloweza kukuambia asante, nenda. Mhifadhi akalielewa mara moja, akatusimulia tangu mwanzo.

Mzee King alizaliwa Desemba 1899 huko Stockbridge, kijijini, kwa wazazi waliolima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Jina lake lilikuwa Michael. Alifika Atlanta akiwa kijana mwenye elimu ndogo mno, akakubali kukaa darasani na watoto ili ajifunze kusoma na kuandika sawasawa, na mwishowe akahitimu theolojia katika chuo cha Morehouse mwaka 1930. Kabla ya kuhitimu alikuwa akimchumbia Alberta, binti wa mchungaji wa Ebenezer, A. D. Williams. Uchumba ulichukua miaka. Walifunga ndoa Novemba 1926 wakahamia kwa wakwe, kwenye nyumba ya ghorofa namba 501, mtaa uleule. Hapo wakazaliwa watoto wote watatu: Christine mwaka 1927, Martin 1929 na Alfred Daniel 1930. Mwaka 1931 baba mkwe akafariki, na washirika wakamwita mkwe ashike mimbari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, kanisa likiwa na madeni.

"Kwenye kanisa la baba mkwe," Baba akasema, "na mama mkwe bado anakaa benchi la mbele. Hiyo kazi si ndogo."

Mwaka 1934 kanisa lilimtuma kwenye mkutano wa Wabaptisti wa dunia uliofanyika Berlin. Aliporudi, Michael akawa Martin Luther, jina la mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, na mwanawe naye akafuata jina hilo. Baba alifurahi sana kusikia habari hii. Alirudia kuieleza kwa simu usiku ule kwa kila aliyepiga kutoka nyumbani.

Kuna habari za Mzee King ambazo mwana alizisimulia mwenyewe baadaye. Waliingia duka la viatu wakaambiwa wahamie viti vya nyuma ndipo wahudumiwe, na mzee akamshika mtoto mkono wakatoka bila viatu. Aliwaongoza watu weusi wa Atlanta kuandamana kudai kura katikati ya miaka ya 1930, mwana akiwa bado mdogo kabisa, na alipigania walimu weusi walipwe sawa na weupe. Kwa hiyo anayesema harakati za haki za watu weusi zilianzia Montgomery, Alabama, kwa mwana, aketi kwanza kwenye yale mabenchi ya Ebenezer.

Lakini iliyonishika mimi ni ya mwaka 1956. Mwana alikuwa ameshtakiwa kwa sababu ya mgomo wa watu weusi kukataa kupanda mabasi ya Montgomery, naye mzee hakutaka arudi Montgomery. Aliwaita nyumbani rafiki zake, watu wazima wenye heshima mjini, wamsaidie kumzuia. Kijana akakataa. Mzee akaingia naye kwenye gari, wakaenda wote. Nilipomtafsiria Baba hapo alinyamaza, kisha akasema, "Angefanya nini? Ni mtoto wake." Mimi nilihama nyumbani bila ridhaa yake, na yeye ndiye aliyenisindikiza hadi Dar kupanda ndege. Hatukuzungumza zaidi.

Yaliyofuata yanajulikana, ila ukiyasikia ukiwa ndani ya jengo hilo yanakuwa mazito. Aprili 1968 Martin aliuawa Memphis. Mdogo wake, Alfred Daniel, alikuja kuhudumu Ebenezer pamoja na baba yao, na Julai 1969 akafa maji katika bwawa la kuogelea la nyumbani kwake. Tarehe 30 Juni 1974, Jumapili, Mama Alberta alikuwa akipiga kinanda katika ibada pale pale kanisani, mtu akasimama akampiga risasi. Shemasi mmoja pia alikufa. Nilimwomba mhifadhi atuonyeshe upande aliokuwa ameketi, akatuonyesha. Mzee King alisema hadharani kwamba hatamchukia aliyemuua mkewe, na familia ilipinga hukumu ya kifo kwa mtu huyo. Aliachia uchungaji mwaka 1975, akafariki Novemba 1984, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 85.

Nyota moja naikata kwa sababu mbili. Nyumba namba 501 ilikuwa imefungwa. Ukarabati wake ulianza mwishoni mwa 2023, hivyo tazameni tovuti ya hifadhi kabla ya kumwahidi mzee kwamba ataingia. Tuliiona kwa nje tu, na kwa mtu aliyetoka Mbeya hiyo ni safari ndefu kuja kutazama baraza. Pili, historia hii ya baba tuliipata kwa kuuliza. Mwenye haya, au asiyejua Kiingereza na hana wa kumtafsiria, anaweza kupita bila kujua kwamba mimbari ile ilikuwa ya mzee kabla ya kuwa ya mwana. Msiogope kuuliza. Wahifadhi wanapenda maswali.

Na msidhani mzee amezikwa pale kwenye bwawa. Pale wamelala Martin na mkewe Coretta. Mzee King na Mama Alberta wako makaburi ya South-View, kusini mashariki mwa mji, mwendo mfupi wa gari. Makaburi hayo yaliasisiwa na watu weusi mwaka 1886, mwaka uleule Ebenezer ilipoanzishwa, kwa sababu kwingine walidharauliwa hata wakienda kuzika. Martin naye alizikwa huko kwanza, kabla ya kuhamishiwa Auburn mwaka 1970. Tengeni saa moja ya ziada. Baba aliomba pale kwa Kinyakyusa, tena kwa kirefu.

Wanaotaka ibada wajue kwamba Jumapili washirika hukutana jengo jipya, lililofunguliwa 1999, ng'ambo ya barabara. Fikeni mapema, na mkiwa na mzee mwombeni mhudumu wa mlangoni kiti cha karibu na njia.