Shakespeare bustanini na watoto wawili: tulivyokesha kwenye foleni na kilichotukuta jioni

Tiketi za mchezo wa Shakespeare wa bustanini ni bure, lakini zinalipiwa kwa mgongo. Agosti 2025 nilijaribu bahati nasibu ya kwenye simu siku nne mfululizo, nikaambulia patupu. Siku ya tano nikampigia wifi yangu: twende tukapange foleni kama watu wa zamani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa Central Park, New York, na tayari watu walishatandika mablanketi kando ya njia kama wageni wa Maulidi Lamu. Sisi tulikuja na mkeka, chupa ya chai ya maziwa na mahamri ishirini. Kufikia saa tatu yalikuwa yamebaki sita, maana majirani wa foleni nao wana pua.

Tiketi hutolewa saa sita mchana, mbili kwa kila aliyepanga foleni. Wawili sisi, tiketi nne: yangu, ya wifi, ya binti yangu wa miaka 11 na ya mdogo wake wa miaka 7. Mwenye familia kubwa apige hesabu mapema, kwa sababu kumchomeka mtu katikati hakuruhusiwi, na walinzi wakali zaidi ni hao hao waliolala hapo tangu alfajiri. Bwana mmoja alijaribu. Aibu aliyoipata naihifadhi.

Ukumbi wa mchezo, Delacorte, uko humo humo bustanini na hauna paa. Umekuwepo tangu 1962, viti vimejipinda nusu duara kulizunguka jukwaa, na nyuma ya jukwaa kuna kidimbwi na kasri la mawe juu ya mwamba. Msimu huo ndio ulikuwa umefunguliwa upya baada ya ukarabati wa dola milioni 85. Kuta za nje zimevikwa mbao zilizotoka kwenye matangi ya maji ya zamani, yale ya juu ya maghorofa ya jiji. Nilipomwambia mwanangu hivyo, akaubandika uso ukutani anuse kama bado kuna unyevu.

Mchezo ulikuwa Twelfth Night. Usiwapeleke watoto vivi hivi. Kiingereza chake kina zaidi ya miaka mia nne, na hata mimi kuna sentensi zilinipita zikaenda zao. Nilichofanya ni kuwasimulia kisa usiku uliotangulia, kwa Kiswahili, hadithi hadithi, hadithi njoo: hapo kale palikuwa na mapacha, mmoja wa kike mmoja wa kiume, jahazi likavunjika, kila mmoja akadhani mwenziwe kazama. Yule dada akavaa nguo za kiume akaajiriwa na mtawala wa nchi ngeni. Akatumwa kumposea bibi mmoja. Yule bibi akampenda mshenga! Watoto walikuwa hoi kwa kicheko kitandani, na kesho yake walikaa wakisubiri kila kituko kama mtu anayesubiri basi analolijua namba.

Viola, yule pacha wa kike, alikuwa Lupita Nyong'o. Sebastian, pacha wa kiume, alikuwa Junior, mdogo wake wa damu. Mwelekezi, Saheem Ali, ni mzaliwa wa Kenya. Haya nilikuwa nayajua. Nisichokuwa nimejiandaa nacho ni kukisikia Kiswahili, hapa na pale, kikiwatoka wale mapacha katikati ya maneno ya Shakespeare. Binti yangu ni mtoto wa kuitwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, miaka yote. Alinishika kifundo cha mkono akakibana. Nyuma yetu mama mmoja akamnong'oneza mwenziwe, hiyo lugha gani? Binti akageuka, akamjibu, "Kiswahili," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina lake.

Uigizaji wa nje una adha zake. Ndege inapita angani katikati ya maneno matamu, mbu hawana adabu, na ile saa mbili usiku mchezo unapoanza kungali na mwanga kidogo, kwa hiyo dakika za mwanzo macho ya watoto yanatangatanga. Giza likishaingia, taa zinawakusanya. Waigizaji walikuwa na vipaza sauti vya mwilini, na kila neno lilitufikia. Sisi shuleni Kisauni tuliigiza chini ya mwarobaini bila chochote, wa nyuma akiambulia mikono tu. Jukwaani kulikuwa na herufi kubwa kuliko watu zikisomeka WHAT YOU WILL, jina la pili la mchezo huo. Mwanangu alizisoma kwa sauti. Mara tatu.

Mapumziko hayakuwepo. Ilikuwa karibu saa mbili nzima moja kwa moja, kwa hiyo msalani kwanza, kwa amri. Mtoto wa chini ya miaka 6 ningemwacha nyumbani. Kuna ulevi na mizaha ya wakubwa, lakini zaidi ni kwamba saa nne usiku ndipo mnatoka.

Na kuna Malvolio. Huyu ni msimamizi wa nyumba ya yule bibi, mtu wa kujisikia, anayetegewa barua ya uongo aamini bibi anampenda na anataka amwone na soksi za manjano. Peter Dinklage anaisoma ile barua kwa namna ambayo wifi yangu alilia kwa kucheka, mtandio mdomoni. Kisha wenzake wanamfungia gizani na kumfanya mwendawazimu. Hapo mwanangu akaacha kucheka. Safu nzima bado inacheka, yeye kimya, mikono katikati ya magoti.

Nyota nne na nusu. Ile nusu iliyopungua ni ya mgongo wangu, si ya mtu mwingine.

Kwenye treni kutoka kituo cha mtaa wa 81 shangazi yao alishalala mdomo wazi. Mtoto akaniuliza, "Mama, yule wa manjano, nani alimwomba msamaha?" Nikamwambia walituma mtu akambembeleze.

"Nani?"

Sikuwa na jina la kumpa. Akahesabu vituo vilivyobaki, akarudi: "Basi hawakwenda."