Banda la tausi Kigamboni: ndege wazuri, makazi yana kasoro

Tausi wa hapa ni wa bluu, asili yao India na Sri Lanka. Madume yana afya: macho makavu, shungi limesimama, kifua kinang'aa bluu hata kwenye kivuli. Dume akichanua, zunguka nyuma yake. Utaona mkia halisi, mfupi na wa kahawia, ukibeba yale manyoya marefu yenye macho, ambayo kumbe si mkia bali ni ya mgongoni. Yakiwa machache baada ya msimu wa kuzaliana usishtuke, hunyonyoka kila mwaka.

Ila muuzaji akikuambia dume wa mwaka mmoja "atachanua karibuni", usimlipe kwa ahadi hiyo. Manyoya kamili hutoka akifika miaka 3 hivi.

Kasoro kubwa ni kuku kuzurura ndani ya banda. Kuku hubeba minyoo ambayo mayai yake husafirisha vimelea vya ugonjwa wa ini; kuku mwenyewe huonekana mzima, tausi anaharisha njano na kufa. Ukinunua hapa, mtenge ndege, mpe dawa ya minyoo, na usimfuge palipokuwa na kuku.

Fito za kulalia nazo ziko chini mno. Tausi porini hulala juu ya miti, kwa hiyo weka ubao mpana mita 1.5 au zaidi kutoka chini, mbali na ukuta ili manyoya yasisuguane.

Mayai ya kutotolesha wanauza pia. Huanguliwa siku ya 28 hivi.