Funza wa kuku: nanunua kwa aliyenionyesha taka zake

Nafuga kuku wa mayai Kitengela, na tangu omena ya sokoni ianze kuja ikiwa nusu mchanga nimehamia kwa funza wa BSF, yule nzi askari mweusi. Ninaowanunua sasa wanatoka kwa mama mmoja wa Isinya, shilingi 120 kilo ya waliokaushwa. Nawasifu bila kusita. Wamekauka hadi ndani, ukimkunja mmoja anavunjika kac, na hawana uvundo. Kuku wanawagombania, na maganda ya mayai yamekuwa magumu, maana funza hawa wana kalsiamu nyingi.

Lakini kilichonifanya nishikamane naye ni taka. Nilipomuuliza funza wanakula nini, alinijibu, "Njoo mama, ujionee." Nikaona kabichi na maganda ya ndizi kutoka sokoni, machicha ya bia, na kila gunia limeandikwa lilikotoka. Muuzaji wangu wa awali nilimuuliza swali hilohilo, akasema taka ni taka tu.

Si kweli hata kidogo. Taka za jaani zimechanganyika na betri, rangi na nyaya zilizochomwa. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu, mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Funza akilelewa kwenye uchafu wa namna hiyo hulimbikiza metali, hasa kadimiamu, metali yenye sumu, ambayo mwilini mwake huweza kupita kiwango kilichokuwa kwenye chakula chenyewe. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.5 za kadimiamu kwa kilo ya chakula kamili cha kuku.

Na kwa macho hutajua kama funza amebeba metali. Nilimtoboa funza mmoja aliye hai kwa sindano: likatoka tone la majimaji, kisha kidonda kikaanza kuwa cheusi na kuziba. Hiyo ndiyo kinga yake ikifanya kazi. Mdudu hana antibodi, zile protini za kinga, kama sisi. Anategemea sana seli za damu ziitwazo hemosaiti, zinazomeza bakteria, kuzingira vimelea na kusaidia kuziba jeraha. Majaribio ya maabara kwa wadudu yameonyesha kwamba metali nzito zikizidi, seli hizi huweza kupungua na kushindwa kumeza vijidudu ipasavyo. Ila BSF ni mgumu ajabu: anaweza kula chakula chenye kadimiamu na bado akanenepa. Ndiyo maana simwamini muuzaji anayenionyesha unono wa funza badala ya chakula chao. Kwenye yai kadimiamu huingia kidogo, lakini maini na figo za kuku huilimbikiza, na maini ndiyo ninayowapikia watoto wangu.

Kwa hiyo nimemwomba mama huyu apeleke sampuli maabara kila anapobadilisha chanzo cha taka, na sisi wanunuzi tumchangie gharama. Amekubali. Kasoro iliyobaki ni magunia yake, yanapitisha unyevu. Ukifika nyumbani hamishia funza kwenye ndoo yenye kifuniko siku hiyohiyo.