Majalada ya FBI na Nyaraka za Mississippi: Zipi Zisomwe Kwanza?

Anayetaka kujua jinsi dola ya Marekani ilivyowaandama wapigania haki za raia ana hazina mbili kubwa mbele yake. Ya kwanza ni majalada ya FBI kuhusu Martin Luther King, ambaye mwaka 1963 Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, aliidhinisha simu zake zisikilizwe kwa siri. Mwaka 1977 mahakama iliamuru kanda hizo na maandishi yake vifungiwe kwa miaka 50. Ya pili ni nyaraka za tume ya upelelezi ya jimbo la Mississippi, iliyoundwa mwaka 1956 ili kulinda ubaguzi. Bunge la jimbo nalo lilitaka zifichwe hadi 2027, ila kesi ya muda mrefu ikazifungua mwaka 1998, na leo kurasa zaidi ya 130,000 zinasomeka bure kwenye intaneti.

Mimi ningeanza na Mississippi. Majalada ya FBI yanamwonyesha kiongozi mashuhuri kwa macho ya watu waliotaka kumchafua, ilhali tume ile iliandika hata namba za magari ya wananchi wa kawaida waliohudhuria mikutano, na kwangu hilo linatisha zaidi.