Posti ya kubadili visu haraka kwa mashine ndogo ya kukereza: ipi ununue, ipi uiache

Posti ya mraba inayokuja na mashine ndogo ya kukereza vyuma, yaani kile kifaa cha kubania visu juu ya slaidi, inabeba visu vinne, na karibu kila kisu kinadai vipande vya bati chini yake hadi ncha ilingane na kitovu cha mhimili. Ncha ikiwa chini ya kitovu, ukisawazisha uso wa kazi unabaki na kinundu katikati. Ikiwa juu, kisu kinasugua badala ya kukata. Kwa hiyo kila unapobadili kisu unarudi kutafuta vile vipande vya bati, na vikidondoka kwenye machicha ya chuma ndiyo basi tena.

Posti ya kubadili haraka inamaliza usumbufu huo. Kila kisu kinakaa kwenye kishikio chake, kimo kinawekwa mara moja kwa nati ndogo iliyo juu ya kishikio, na kuanzia hapo unakitoa na kukirudisha kwa kuzungusha mkono wa posti tu. Kwa anayekereza jioni akitoka kazini, naamini hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kununua baada ya mashine yenyewe, mbele hata ya kibanio cha taya nne.

Tatizo ni kwamba watu wengi huchagua posti kwa kuangalia bei ya seti, wakasahau vishikio. Posti utainunua mara moja. Vishikio utaendelea kuvinunua miaka yote, kimoja kimoja, kila unapopata kisu kipya. Kwa hiyo chagua kwanza jamii ya vishikio vinavyopatikana kirahisi na kwa bei ya kawaida, halafu ndiyo uangalie posti.

Pima kabla ya kulipa

Posti za mtindo wa Aloris, kampuni ya Marekani ambayo mtindo wake unaigwa na viwanda vingi vya China, zimepangwa kwa herufi. 0XA ni ya mashine ndogo kabisa, zile zinazozungusha kazi ya kipenyo cha milimita 180 au zaidi kidogo, kama CJ0618 na ndugu zake. AXA ni ya mashine za inchi 9 hadi 12. BXA inafaa kuanzia inchi 10 hadi 15, na CXA ni ya mashine nzito za karakana. Masafa hayo yanaingiliana, ndiyo maana mwenye WM210, mashine ya milimita 210, anajikuta njia panda kati ya 0XA na AXA.

Herufi peke yake haitoshi. Chomeka senta, kile chuma chenye ncha kali, kwenye kichwa cha nyuma cha mashine, kisha chukua venia upime kutoka uso wa slaidi ya juu, pale posti inapokaa, hadi usawa wa ncha ya senta. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kila kitu. Tuseme umepata milimita 26 na visu vyako ni vya milimita 10: zinabaki 16. Sakafu ya kishikio, yaani unene wa chuma kutoka chini ya mfereji wa kisu hadi tako la kishikio, haipaswi kuzidi hizo 16. Ikizidi, ncha itakuwa juu ya kitovu hata kishikio kikishushwa mpaka mwisho, na hapo huna pa kwenda isipokuwa kutumia kisu chembamba zaidi au kupunguza chuma cha kishikio. Muulize muuzaji kipimo hicho. Asiyeweza kukupa mchoro wenye vipimo, mwache.

Kosa la kununua kubwa kupita kiasi ndilo linaloonekana zaidi, kwa sababu watu hudhani posti nzito itaipa mashine nguvu. Haitoi. Mashine ndogo hutetemeka kwenye slaidi zake, na posti kubwa inausogeza mdomo wa kisu mbele zaidi ya slaidi hiyohiyo dhaifu.

Nafasi ya kwanza: posti ya kabari

Kwenye posti ya kabari, ukizungusha mkono, vipande vya kabari vinateleza na kukivuta kishikio kikae barabara kwenye mfereji wake, ule wenye mdomo mwembamba na tako pana kama kiungo cha droo anachochonga seremala. Chuma kinakutana na chuma kwenye uso mpana, pande zote mbili. Ukikitoa kishikio na kukirudisha, ncha inarudi palepale kwa tofauti ndogo mno, mradi umefuta machicha.

Ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote mwenye mashine ya milimita 180 hadi 300. Ina bei kuliko ya pistoni, lakini vishikio ni vilevile, na vinauzwa kila mahali kwa namba zinazojulikana: 250-001 ni kishikio cha kawaida cha 0XA, 250-101 cha AXA, 250-201 cha BXA. Namba ya mwishoni inaeleza kazi. Ya 2 ina mfereji wa pembe tatu chini unaoshika pia fimbo ndogo ya duara ya kupanulia matundu, ya 4 ni ya fimbo nene ya kupanulia, ya 7 ni ya kisu cha kukatia, ya 10 ina magurudumu ya kutia mikwaruzo ya kushikia. Namba za posti zenyewe usizitegemee sana, kwa sababu wauzaji wanazichanganya. Soma maelezo uone neno wedge, yaani kabari, na kama halipo, omba picha ya posti bila kishikio. Ya kabari ina vipande virefu vinavyotembea. Ya pistoni ina kijiti kimoja kinachosukuma nje.

Nafasi ya pili: ile ya meno 40

Huu ni mtindo wa Uswisi unaoitwa Multifix. Posti ni mcheduara yenye meno 40 kuizunguka, na kishikio kinaweza kukaa kwenye jino lolote, kwa hiyo unageuza kisu kwa hatua za digrii 9 bila kulegeza posti. Ukitaka kuvunja kona kwa digrii 45, unasogeza kishikio meno matano, unakata, unarudisha. Ni raha ya kweli.

Kwa ubora wa kazi ningeiweka ya kwanza. Imeshuka kwa sababu ya vishikio: ni ghali, na hata nakala za China zinaumiza mfuko ukihitaji kumi. Size Aa ndiyo ya mashine ndogo, na A ni ya zile za wastani. Mwenye uwezo asisite.

Nafasi ya tatu: ya pistoni

Inafanya kazi. Kijiti kinasukuma kishikio mbali na posti ili kingo za mfereji zibane. Inashika vizuri ukikereza kawaida, ila ikifika kwenye kukata kwa kisu chembamba au kupanua tundu refu, tofauti yake na ya kabari unaisikia masikioni. Kama bajeti imebana, nunua hii pamoja na vishikio vya ziada. Siku ukipata fedha utabadili posti tu na vishikio vitabaki.

Nyingine

Mwenye Myford, chapa ya Kiingereza ya mashine za kukereza, hasa aliyeko Uingereza ambako ML7 na Super 7 zimejaa kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba, atakutana na T37 ya mtindo wa Dickson. Ni posti nzuri, lakini vishikio vya mtengenezaji mmoja mara nyingi havikai sawasawa kwenye posti ya mwingine. Nunua vyote sehemu moja.

Seti za aluminiamu ni nyepesi na rahisi kusafirisha. Kwa plastiki, shaba na aluminiamu zinatosha. Kwa chuma, kingo zake zinachakaa na kupondeka mapema. Mimi nisingezinunua.

Halafu kuna ile ya kujitengenezea, mtindo wa Norman: nguzo ya duara, na bloku ya chuma yenye tundu la kuingia kwenye nguzo hiyo, imepasuliwa kwa msumeno ubavuni na kubanwa kwa bolti. Bloku unaipandisha na kuishusha utakavyo. Hairudi kwenye pembe ileile kila mara, lakini mashine yako yenyewe inaweza kuitengeneza, na gharama ni chuma chakavu. Kwa mwanafunzi wa ufundi ni zoezi bora kuliko kununua chochote.

Kikifika

Posti za AXA na kuendelea huja na nati ya umbo la T ambayo haijamalizwa kwa makusudi. Lazima uichonge iingie kwenye mfereji wa slaidi yako. Huna mashine ya kuchongea? Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kariobangi Light Industries, Nairobi, anaimaliza kwa muda mfupi ukimpelekea slaidi yenyewe aipimie. Hapa kuna mambo mawili ya kushikilia. Nati isitokeze juu ya uso wa slaidi, la sivyo posti itabana nati badala ya kubana slaidi. Na bolti isipenye hadi kugusa sakafu ya mfereji, kwa sababu ukikaza itasukuma nati juu kwa nguvu, na kingo za mfereji ni chuma cha kusubu: hazipindi, zinavunjika. Mashine ndogo nyingi hazina mfereji huo, zina bolti iliyosimama tu; kwa hizo pima unene wa bolti na tundu la posti, na kama kuna uwazi kereza kipete cha kujaza.

Jaribu uimara siku hiyohiyo. Weka geji ya saa kwenye ncha ya kisu, soma, toa kishikio, kirudishe, soma tena. Rudia kwa vishikio vyote. Kimoja kikiyumba na vingine vimetulia, kosa ni la hicho kimoja na kirudishwe kwa muuzaji. Vyote vikiyumba, posti ndiyo mbovu.

Seti ya kawaida ina vishikio vitano, na kimoja ni kile cha magurudumu ya mikwaruzo. Usikitumie kwenye mashine ndogo: kinasukuma kazi kutoka upande mmoja kwa nguvu inayoelemea beringi za mhimili na slaidi. Nunua kile cha mikono miwili kinachobana kazi kutoka juu na chini. Vishikio vya kwanza vya kuongeza viwe vile vya kawaida vya namba 1, angalau vitatu: kisu cha kulia, cha kushoto, na cha kukatia nyuzi za skrubu. Na ile posti ya mraba ya zamani ihifadhi, kwa maana siku ya kukata fimbo nene ya chuma itashika kisu cha kukatia karibu zaidi na slaidi kuliko posti yoyote niliyoitaja hapa.