Uzoefu wangu na benki ya chakula ya kanda, nikiwa upande wa kituo kidogo

Wengi wakisikia benki ya chakula hufikiria foleni ya watu wenye vikapu. Foleni hiyo ipo, ila haiko benki, iko kwetu. Ninasimamia kituo kidogo cha kugawa chakula, na benki ya kanda ni ghala kubwa linalokusanya chakula cha msaada: wateja wake ni sisi wa vituo, si familia moja moja. Kwa hiyo haya ni maoni ya mteja wa ghala. Kama unatafuta chakula cha leo jioni, wapigie simu wakuelekeze kituo kilicho karibu nawe. Ukienda ghalani utakuta foklifti na malori, na utarudishwa getini.

Kujiunga kulitutoa jasho. Walikuja kukagua stoo: chakula kiwe kimeinuliwa kutoka sakafuni, panya wasiwe na upenyo, jokofu liwe na kipimajoto na daftari la kuandika joto kila siku. Kisha tukasaini kwamba hatutauza chakula, hatutamfanyisha mtu kazi ili apewe, wala hatutamlazimisha kusali kwanza. Sharti hilo la mwisho liliwaudhi baadhi ya wenzangu. Mimi ndilo lililonifanya niwaamini.

Baada ya hapo mambo ni mepesi kuliko nilivyodhani. Orodha ya vilivyopo ghalani huwekwa mtandaoni, tunachagua, tunapangiwa saa ya kwenda kupakia. Shehena hutoka kila upande: kiwanda kilichokosea lebo, duka kubwa lililoagiza kupita kiasi, mkulima ambaye mazao yake yamekataliwa sokoni kwa sababu ya umbo, msaada wa serikali, na vingine benki hununua yenyewe kwa jumla. Wanaojitolea huchambua kopo kwa kopo. Lililobonyea kidogo hupita, lililovimba hutupwa bila mjadala. Huko ndiko nilikojifunza kusoma tarehe: "bora kabla ya" inahusu ladha na ubora, "tumia kabla ya" inahusu usalama. Ya kwanza ikipita, vyakula vingi vikavu bado ni vizima. Ya pili ikipita, hatugawi. Nimewaeleza wateja wetu mara nyingi, na bado wapo wanaoona wamepewa makombo. Siwalaumu.

Mabaki yenyewe si haba. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula majumbani, mahotelini na madukani, yaani asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Wazo la kuokoa mabaki hayo kwa ghala moja kubwa lilianza na John van Hengel, aliyefungua benki ya kwanza ya aina hii mjini Phoenix, Arizona, mwaka 1967. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: tangu 2016 sheria inayazuia maduka makubwa kuharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa.

Sasa mgao, ambao ndio unanipa raha na karaha. Benki yetu hutugawia pointi za kuchukulia chakula, kulingana na idadi ya watu tunaowahudumia. Maharage ya kopo yanakula pointi nyingi, mboga mbichi karibu bure. Mwanzoni niliona ni ujanja wa kutusukumia vinavyooza, hadi niliposoma habari za Feeding America, mtandao wa benki za chakula wa Marekani. Zamani benki zake zilingoja zamu: zamu yako ikifika unaletewa taarifa ya shehena, uichukue au uiache, hata kama ghala lako limejaa kitu kile kile. Mwaka 2005, kwa ushauri wa wachumi wa Chicago, wakaanza mnada wa chakula unaolipiwa kwa "hisa", yaani pointi zisizo fedha halisi. Benki yenye wahitaji wengi hupata hisa nyingi, na kila benki huzitumia kwa inachokosa. Kumbe pointi zetu ni ndugu wa mnada ule. Kasoro ni kwamba kituo chenye jokofu kubwa huchota mboga za bei poa, na kituo kisicho nalo humaliza pointi zake kwenye makopo. Kwa hiyo aliye duni anakula vibaya zaidi, na hilo sijaona wakilishughulikia.

Malalamiko mengine: usafiri ni juu yetu, na maziwa husafiri kwenye boksi la barafu huku dereva akiomba barabara iwe wazi. Vinywaji vyenye sukari na keki vinakuja kwa wingi mno. Na benki hupima kazi yake kwa tani, wakati tani ya keki na tani ya maharage zina uzito ule ule.

Je, njaa inapungua? Kwa wanaokuja kwetu, ndiyo, kwa siku kadhaa. Wengi wana kazi. Mshahara ndio unaoisha kabla ya mwezi. Wakipata mfuko wa chakula, fedha zao zinakwenda kwenye kodi ya nyumba au dawa. Mshahara wenyewe benki haiugusi. Kilichonivutia ni ofisa wao anayekuja kituoni kuwasaidia watu kujaza maombi ya misaada ya serikali wanayostahili. Familia iliyofanikiwa hapo huacha kuja, na hiyo haihesabiki kwenye tani.

Nawapa nyota nne. Ukitaka kuwachangia, toa fedha badala ya makopo, maana bei wanayonunulia kwa jumla wewe huipati dukani. Ukitaka kufungua kituo, tafuta jokofu kabla ya fomu. Na uwe na mtu wa kuandika ripoti ambaye si yule anayebeba maboksi. Sisi ni yule yule, na ripoti ya mwezi uliopita bado iko mezani.